Tulivuka Ziwa Tukiwa Wawili



Alhamisi iliyopita, tulipokuwa tunafunga sanduku la AVEC, mama mmoja kijana aliniuliza: “Mama, wewe ulishatembea wapi?” Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Nilikwenda Kindu, dada yangu alipofanyiwa operesheni. Nilikwenda Kongolo kumzika mjomba. Nilirudi Kindu tena, mtoto wa dada alipovunjika mguu. Wote wakacheka, maana kila mmoja alikuwa anahesabu zake na zote zilifanana. Sisi wamama wa hapa tunasafiri kwa ugonjwa na kwa kilio. Tukionekana barabarani na begi, watu wanauliza, “Pole, ni nani?”

Lakini safari moja haikuwa ya kilio. Niliahidi kuisimulia hapa, pamoja na lile jambo la aibu lililomo ndani yake.

Ilikuwa kiangazi cha 2015. Mimi na baba watoto tulikuwa tumetimiza miaka 22 ya ndoa. Mwaka ule mchele ulikuwa umetoka vizuri, na mimi nilikuwa nimegawiwa changu kwenye sanduku. Baba watoto alitaka kununua bati za jikoni. Mimi nikamwambia: “Bati zitangoja mvua. Wewe tangu ujana unaniambia utanionyesha ziwa. Nionyeshe.” Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, “Basi twende mpaka Ujiji.”

Mama mkwe aliposikia akashika kiuno. “Mtu na mume wake wanaenda kutembea? Nani amekufa?” Tukamwambia hakuna aliyekufa. Hakuamini. Mpaka tunaondoka alikuwa anatuma watoto waje kuchungulia kama tunalia.

Kwa nini Ujiji? Kwa sababu njia yetu hii ya Kasongo na Kabambare, kabla ya kuwa njia ya pikipiki na magari ya mizigo, ilikuwa njia ya Ujiji. Misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka Nyangwe na Kasongo, ikapita Kabambare, ikashuka ziwani Tanganyika, ikavuka kwa mitumbwi mpaka Ujiji, halafu Tabora, halafu Bagamoyo baharini. Wazee wetu waliijua vizuri kwa miguu yao. Mchele tunaokula, miembe tunayokaa chini yake na Kiswahili hiki ninachoandika vilitufikia kwa njia hiyo hiyo. Na kwa njia hiyo hiyo watu wetu waliondoka.

Tulilala Kabambare kwa shangazi ya baba watoto. Usiku, tukiwa tunakula bukari na sombe, alituuliza tunakwenda wapi. Tulipomjibu, aliweka tonge chini. Akasema: “Bibi yangu alikuwa anasema hivi, huko watu wanapelekwa, hawaendi. Ninyi mnakwenda wenyewe?” Tukasema ndiyo, wenyewe. Akasema, “Basi mkifika, salimieni.” Hakusema tumsalimie nani.

Kutoka Kabambare tulipita Salamabila, kwenye watu wa dhahabu ya Namoya, tukafika Lulimba, tukapanda kwenda Fizi. Vumbi lilitufanya tuwe na rangi moja wote. Gari liliharibika mara mbili, tukalala barabarani usiku mmoja. Siku ya tatu, tuliposhuka kuelekea Baraka, baba watoto alinigusa bega. Nikaona maji. Nilidhani ni wingu limekaa chini. Mimi nimezaliwa karibu na Lualaba, maji makubwa ninayajua, lakini mto una ng'ambo. Hili halikuwa na mwisho upande wa kusini.

Wamama, Tanganyika si ziwa dogo. Urefu wake ni kama kilomita 670, na linagusa nchi nne: yetu, Burundi, Tanzania na Zambia. Kina chake kinafika karibu mita 1,470. Duniani kote ni ziwa moja tu, Baikal la Urusi, linalolizidi kina.

Lakini kilichonifurahisha Baraka ni kazi za wamama. Usiku ziwa linajaa taa kama soko: ni wavuvi wanaovuta ndagala kwa mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa haisaidii, basi wavuvi wanapumzika. Alfajiri mitumbwi inarudi, na wamama wako tayari ufukweni na mabeseni. Wananunua, wanabishana bei, wanaanika samaki kwenye mchanga, jioni wanafunga magunia. Ndagala wale tunaowapimia kwa kikombe kwenye soko letu wamepita kwanza kwenye mikono ile. Mmoja aliniambia alikimbilia Tanzania vita ya 1996 ilipoanza, akakaa kambini Nyarugusu, akarudi watu walipoanza kurudishwa kwa meli mwaka 2005. “Niliondoka na mtoto mgongoni,” alisema, “nikarudi na mtoto ananibebea begi.” Akacheka, akanipunguzia bei.

Jambo moja la afya hapo. Ukanda ule wa ziwa, kuanzia Uvira mpaka Kalemie, kipindupindu hakitoki kabisa. Maji yale mazuri ya kutazama usiyanywe hivi hivi. Tulichemsha, au tulitia dawa ya klorini, na tulinawa mikono kwa sabuni kama watoto wa shule. Tumbo halikutusumbua.

Tulivuka usiku kwa boti kubwa la mbao. Sitasema uongo, nilishika nguo ya baba watoto mpaka asubuhi. Lakini jua lilipotoka, milima ya kwetu ilikuwa nyuma, na mbele kulikuwa na Kigoma.

Kigoma ni mji wa bandari na wa reli. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1914, na stesheni ile ya Wajerumani bado imesimama juu ya bandari. Hapo tuliiona pia meli ya Liemba. Baba watoto anapenda vyuma, basi nilisikiliza habari zake zote: ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaundwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili Waingereza na Wabelgiji wasiichukue, ikatolewa chini ya maji mwaka 1924, ikaanza kazi tena 1927. Mwezi wa tano wa mwaka ule wa safari yetu, meli hiyo hiyo ilikuwa imebeba maelfu ya Warundi waliokimbia kwao, kutoka ufukwe wa Kagunga mpaka Kigoma. Nilipoitazama nilimkumbuka yule mama wa Baraka. Ziwa lile mtu analivuka kwa furaha wiki hii, na jirani yake analivuka kwa machozi wiki ijayo.

Sasa nifike kwenye aibu.

Siku ya pili Kigoma, baba watoto alianza kutetemeka. Mchana akawa moto kama jiko, usiku akaanza kusema maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho. Nikasema ni malaria, nimpeleke kwa daktari. Nikafungua begi kutafuta pesa. Hakuna. Nikapekua suruali, nikapekua koti, nikapekua viatu. Kulikuwa na shilingi chache za kubadilishia tu. Pesa yetu yote ya safari, pamoja na ya kurudia nyumbani, alikuwa nayo yeye tangu Kasongo. Sikujua ameiweka wapi, wala sikujua imebaki kiasi gani. Hata karatasi zetu za kusafiria sikuzijua zilipo. Nilimuuliza, akanijibu habari za mbuzi wa baba yake.

Nilikaa kwenye mkeka wa nyumba ile ya wageni, nikajiona. Miaka 22 ya ndoa, mwenyekiti wa kikundi, mwenye kufunga hesabu za wamama 25 bila kukosea hata franka moja. Na hapa ng'ambo ya ziwa mimi ni kama kapu: nimebebwa kutoka Kasongo, nimewekwa hapa, na aliyenibeba akilala siwezi hata kusogea.

Na aibu haikuishia hapo. Nilikuwa na dola 40 zilizoshonwa kwenye pindo la kikwembe changu. Ni za sanduku. Sikuwa nimemwambia. Nilipotutazama sote wawili, niliona kitu kimoja: yeye alificha pesa ili wezi wasiione, mimi nilificha ili yeye asiione.

Nilikata uzi kwa meno, mama mwenye nyumba akanipeleka dukani kubadilisha, tukampakia mgonjwa kwenye bajaji mpaka kituo cha afya. Wakampima damu, ikawa malaria kweli. Wakampa dawa ya mseto, ile ya vidonge vya siku tatu, wakaniambia ameze yote hata akijisikia nafuu. Siku ya tatu aliomba chakula. Nilimpikia uji. Alipomaliza, akafungua mshono wa ndani wa begi, akatoa bahasha. Pesa ilikuwa pale, chini ya mkono wangu, wakati wote.

Nikamwonyesha pindo la kikwembe lililokatwa. Tulitazamana. Akasema, “Kumbe tulikuwa tunasafiri watu wanne.” Yaani mimi, yeye, na siri zetu mbili. Siku ile tulimwaga kila kitu juu ya kitanda, tukahesabu pamoja, tukagawa sehemu mbili: nusu kwake, nusu kwangu, na kila mmoja ajue ya mwenzake. Karatasi zangu nikashika mwenyewe. Tangu siku hiyo mpaka leo nyumba yetu inahesabu hivyo.

Alipopata nguvu tulikwenda Ujiji. Si mbali, ni safari fupi ya basi kutoka Kigoma. Ujiji ni mji wa miembe mikubwa na nyumba za udongo zenye baraza. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia nzima ya misafara, kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, kwenye orodha ya sehemu inazotaka UNESCO izitambue kuwa urithi wa dunia. Kuna jumba la kumbukumbu, na mnara mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kijana aliyetuongoza alisimulia vizuri: mzungu mmoja mgonjwa, mzungu mwingine anakuja kumtafuta, wanasalimiana chini ya mwembe.

Nikamuuliza, “Huyo mgonjwa alikuwa anatoka wapi?” Akasema, “Alikuwa anatoka kwenu, mama. Alitoka Manyema.”

Basi nikamsimulia tunayoyajua sisi, kwa sababu Nyangwe iko kwetu, kwenye Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko Nyangwe. Livingstone mwenyewe alikuwa pale, na aliandika kwamba watu kama 1,500 walikuja. Wengi walikuwa wanawake, kama soko lolote la kwetu: wanavuka mto na samaki, mafuta, vyungu na kuku. Watu watatu wa wafanyabiashara wa watumwa wakaingia sokoni na bunduki. Wakaanza kubishana bei ya kuku mmoja. Kuku mmoja, wamama. Halafu wakapiga risasi katikati ya watu, na wengine wakapiga risasi kutoka kijito ambako mitumbwi ilikuwa imefungwa. Wanawake waliruka majini, mitumbwi ikazama, mto ukawabeba. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400.

Livingstone alishindwa kuendelea. Aligeuka, akatembea miezi mitatu kurudi Ujiji, amechoka na hana kitu. Ndiyo maana Stanley alimkuta pale. Stanley akaondoka na barua zake mwaka 1872, na habari ya soko la Nyangwe ikasomwa Uingereza, ikaongeza hasira juu ya biashara ya watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Biashara haikuisha siku hiyo, na mateso ya Maniema hayakuisha, maana Wabelgiji walikuja na yao. Lakini katika ile habari ya wazungu wawili chini ya mwembe, ndani yake kuna wamama wa soko waliokuwa wanauza kuku. Majina yao hakuna aliyeyaandika.

Siyasemi haya ili mtu amnyoshee jirani yake kidole. Leo sokoni Kasongo wajukuu wa pande zote tunakaa meza moja na kukopeshana chumvi. Ninayasema ili binti zetu wajue.

Yule kijana alisikiliza, halafu akasema, “Mama, njoo.” Akatupeleka nyumba ya tatu kutoka barabarani, kwa bibi mmoja mzee aliyekuwa anachambua mchele. “Hawa wanatoka Kasongo,” akamwambia. Bibi akainua uso. “Kasongo? Na mimi ni Mmanyema.” Ujiji na Kigoma wako Wamanyema wengi; wako Bujumbura pia, na hata Dar es Salaam. Ni watoto wa watoto wa watu waliopita njia ile, wengine wakiwa wamefungwa, wengine wakiwa wapagazi, wengine wakifuata biashara. Bibi yule hajawahi kufika kwetu. Hajui kijiji. Alijua tu kwamba mama wa bibi yake “aliletwa.”

Neno lile lile la shangazi wa Kabambare: wanapelekwa, hawaendi. Huku walisema alipelekwa. Kule walisema aliletwa. Nikakumbuka salamu zile zisizo na mwenyewe, nikampa. Nikasema, “Kabambare wanakusalimu.” Alinishika mkono muda mrefu. Halafu akauliza, “Wewe nani amekuleta?” Baba watoto alitaka kujibu. Nikamwahi: “Nimekuja mwenyewe, Bibi. Na huyu nimekuja naye.”

Wamama, tangu 2015 mengi yamebadilika. Ziwa limepanda sana miaka hii na kumeza nyumba za ufukweni Baraka, Uvira na Kalemie. Barabara ya Fizi ina siku zake za amani na siku zake za bunduki. Sisemi mfunge mizigo kesho. Anayetaka kwenda aulize kwanza waliopita juzi, si waliopita mwaka jana. Lakini si lazima iwe Ujiji. Kuna anayeishi Kabambare ambaye hajawahi kuona Nyangwe. Kuna anayeishi Kasongo ambaye hajatembea mpaka Tongoni, mahali mji wa zamani ulipokuwa. Nendeni na waume zenu, hata siku moja, hata kwa baiskeli, bila maiti na bila mgonjwa.

Na mkienda, mfanye haya matano:

Moja, kabla ya kutoka, pesa yote iwekwe juu ya kitanda na kuhesabiwa na wawili. Hata ile ya kwenye pindo.

Mbili, igawanywe sehemu mbili, kila mmoja abebe yake na ajue ya mwenzake ilipo.

Tatu, kila mtu ashike karatasi zake: kadi ya uchaguzi, na kama mnavuka mpaka, karatasi ya kuvukia na kadi ya njano ya chanjo.

Nne, bebeni dawa ya maji na sabuni, na mlale ndani ya chandarua. Sisi chandarua tulikiacha nyumbani, na mmeona malipo yake.

Tano, mwachieni anayebaki na watoto namba za simu na siku ya kurudi.

Kwa kikao chenu cha juma hili, jadilini swali hili: baba watoto akiugua usiku wa leo, unajua pesa ya nyumba iko wapi? Na wewe ukiugua, yeye anajua yako iko wapi? Mtakaocheka zaidi ndio mnaoficha.

Bati za jikoni tulinunua mwaka uliofuata. Mama mkwe alitupokea mlangoni, akatutazama kichwa mpaka miguu, akauliza tena, “Kweli hakuna aliyekufa?” Tukampa kilo mbili za ndagala wa Baraka. Alipomaliza kula, akauliza ziwa likoje, na kama mtu wa umri wake anaweza kupanda boti.

Tuonane juma lijalo.